Askari wa Kompyuta ya Mama Kaseti

Dada yangu mkubwa mtaa mzima unamwita Mama Kaseti, na wapo majirani waliozeeka naye ambao hawajui kama ana jina lingine. Msinichekeshe, hana mtoto anayeitwa Kaseti. Kazi yake ni kutoa sauti kwenye kaseti za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta, kisha anamwekea mwenye kaseti kwenye flashi. Watu humletea vitu vilivyokaa juu ya makabati mpaka vikaota ukungu: hotuba ya babu, kwaya iliyokwisha kusambaratika, kitoto kinachoimba ambacho leo ni baba mzima mwenye kitambi.

Chumba chake kimebanwa katikati ya saluni na duka la vioo. Ukutani amebandika vipande vya godoro ili kelele za saluni zisipite. Mezani kuna deki mbili, pamba, chupa ya spiriti ya kusafishia kichwa cha deki, mkasi mdogo wa kucha, na kopo la penseli ambazo hajawahi kuandikia hata moja. Zile penseli ni za kukazia mkanda uliolegea. Ukitaka kumwandikia namba ya simu anakupa kalamu, penseli hagusi mtu.

Sasa mniruhusu niseme ukweli: dada yangu ana mikono ya dhahabu na kichwa cha jiwe. Kaseti iliyozeeka, alinifundisha, usiitegemee kucheza mara mbili. Mkanda umeshaanza kutoa unga, unanata, ukiupitisha mara moja shukuru. Kwa hiyo siku ya kurekodi chumba kile kinageuka chumba cha upasuaji. Feni inazimwa hata jua liwe linachoma vipi. Simu inazimwa. Mlango unafungwa kwa komeo. Na antivirusi ya kompyuta nayo inazimwa.

Hapo kwenye antivirusi ndipo tulipokuwa tukigombana. Kompyuta yake ni kuukuu, na ile programu aliwekewa na mtu mmoja aliyepita akisema ni kiboko ya zote. Ilikuwa nzito ajabu. Ikianza kukagua faili, kompyuta inashikwa na kigugumizi, na sauti inayorekodiwa inakatikakatika.

"Askari huyu anavaa viatu vya chuma," dada alikuwa akisema. "Nikirekodi simtaki chumbani."

"Na ukimaliza unamrudisha?"

"Namrudisha."

"Kila mara?"

"We mtoto, umekuja kunisalimia au kunihoji?"

Basi nikawa narudi kwenye sahani yangu, maana mimi ni mdogo wake na chakula cha mchana nilikuwa nakula kwake.

Ana jambo lingine, na hili sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Akishapima sauti mwanzoni, maneno mawili matatu tu, anavua hedifoni na kuziweka mezani kifudifudi. Kuanzia hapo anatazama vile vijimshale vinavyoruka kwenye kioo cha kompyuta, basi. Hasikilizi. Anasema sauti ya mtu ni kama barua iliyofungwa, wa kwanza kuisikia awe mwenyewe. Wateja wanampendea hilo. Siku ninayotaka kuwasimulia, hilo hilo nusura lituponze.

Wiki moja kabla, alikuja nesi wa wodi ya wazazi na kaseti moja imefungwa kwenye leso. Mama yake alifariki akimzaa yeye. Amelelewa na shangazi. Baba yake wakati huo alikuwa kibarua mbali, na mama, badala ya kumwandikia, alikuwa akimrekodia kaseti na kumtumia kwa watu wanaosafiri. Zote zilipotea isipokuwa hii, iliyotoka kwenye sanduku la baba baada ya baba naye kuondoka. Juu yake palikuwa na maandishi ya wino uliofifia: mwezi wa nane, mtoto anacheza sana.

"Mtoto ni mimi," nesi alisema. "Sijawahi kumsikia mama yangu hata akikohoa."

Dada aliipokea kwa mikono miwili.

Siku yenyewe nilitoka kazini mchana. Mimi ni mpokeaji wageni kwenye kliniki ya meno, barabara ya pili kutoka hapo. Nilikuja na njaa yangu na maneno yangu ya kumtania, nikasukuma mlango, nikayasahau yote. Dada alikuwa amesimama, na yeye hufanya kazi ameketi siku zote. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na dirisha jekundu, lina ngao kubwa katikati, na maandishi ya Kiswahili cha kuungaunga: kompyuta yako iko kwenye hatari, faili zako zimeshikwa, weka sasa ulinzi namba moja wa dunia.

"Faili zimekwenda," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Folda ya sauti haina kitu."

"Ya nesi?"

"Nimemrekodi asubuhi. Safi, haijakatika hata mahali pamoja. Nilipotaka kuurudisha mkanda mwanzo ukapasuka."

Mkanda wenyewe ulikuwa kwenye sahani, vipande vipande, na unga wa kahawia umemwagika pembeni. Alichonieleza kwa haraka ni hiki: alikuwa anajiandaa kunakili ile sauti kwenye diski ya pembeni, mteja wake mmoja, mwalimu wa kwaya, akagonga mlango, ana haraka, anataka nyimbo zake, na flashi hii hapa. Dada akaichomeka. Askari alikuwa bado nje. Ndani ya flashi akaona kitu kinachofanana na folda, akakibofya, na hakikuwa folda.

"Lakini hii inasema inaweza kuzirudisha," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mausi. "Ni antivirusi, mdogo wangu. Tazama, ina ngao. Nalipia toleo kamili, inasafisha."

Nilimnyang'anya ile mausi. Sikumwomba, nilimnyang'anya, na yeye ni dada yangu mkubwa na sijawahi kumfanyia vile tangu tuzaliwe.

"Umeichagua wewe hii?" nilimuuliza. "Umeiita wewe?"

"Imekuja yenyewe."

"Basi huyo si askari! Askari gani anaingia nyumbani kwako bila kuitwa, anaficha vyombo, halafu anakudai umlipe akuonyeshe vilipo?"

Dirisha kama lile nililijua. Pale kliniki mhasibu wetu alilibofya, na tulishinda wiki nzima tukiwauliza wagonjwa wenyewe jino lipi lilikuwa limezibwa. Nikampigia fundi wa kompyuta wa kliniki. Yule fundi ana tabia ya kujibu simu kama mtu aliyeamshwa, lakini anajua kazi.

"Usibofye kitu," alisema nilipomaliza kumweleza. "Hata ile alama ya kufunga usiiguse. Chomoa waya wa intaneti. Chomoa na flashi. Halafu, dada wa mapokezi, nisikilize: msiweke antivirusi yoyote mtakayoipata kwa kupitia kompyuta hiyo. Hapo kila mlango mtakaougonga atafungua huyo huyo mwizi."

Nilikuwa nimeinama chini ya meza nachomoa waya nikaona viatu vyeupe mlangoni.

Nesi. Alibadilishana zamu, akawahi. Alikuwa na sare yake ya kazi na uso wa mtu aliyekuja kumpokea mgeni kituoni. Nilisimama haraka nikajigonga kichwa. Akili yangu ikatunga uongo pale pale: umeme, nilitaka kusema, njoo kesho. Dada alinikata jicho.

"Kaa, mama," alimwambia nesi. "Mkanda wako umepita mara moja, ukakatika. Sauti iko humu ndani ya kompyuta, na humu ndani kumeingia ugonjwa. Nilizima kinga ili sauti yako isikatike, nikasahau kuiwasha. Sijui kama nitaipata."

Nesi hakukaa. Alitazama sahani yenye vile vipande vya mkanda.

"Wewe uliisikia?" aliuliza. "Anasema nini?"

Dada alitikisa kichwa. "Nilisikia akivuta pumzi na kusema 'haya, nianze.' Nikavua."

Ina maana hakuna aliyeisikia. Maneno ya yule mama hayakuwa kwenye sikio la mtu yeyote aliye hai, na kaseti ilikuwa sahani ya unga. Kama hayakuwemo ndani ya lile sanduku lenye dirisha jekundu, yalikuwa hayapo duniani. Nilimchukia dada yangu na adabu zake kwa dakika ile, nakiri, nilimchukia kweli.

Nesi ndiye aliyetusogeza. Alivuta stuli, akaketi mbali na kompyuta, mikono kwenye mapaja.

"Mgonjwa mmemtenga?"

"Waya tumechomoa," nilisema.

"Basi msimguse mpaka dawa ije. Dawa inatoka wapi?"

Dawa ilitakiwa itoke kwenye kompyuta yangu ya mapokezi. Nilikimbia. Sketi ya ofisi haikushonwa kwa ajili ya kukimbia na wauza vocha walinishangilia njia nzima. Nilifika, nikaketi mbele ya mgonjwa mwenye shavu lililovimba, nikaweka simu sikioni.

"Fundi, nipo. Niambie ipi nzuri."

"Nzuri kwa nani? Hiyo kompyuta ya dada yako nyepesi au nzito?"

"Nzito. Kizee."

"Basi zile zinazojaza kompyuta mapambo na vitufe kumi usizitazame. Tafuta nyepesi. Anapokea flashi za watu?"

"Kutwa."

"Basi lazima iwe inakagua flashi yenyewe mara ikichomekwa, asisubiri kukumbuka. Intaneti anayo wakati wote?"

"Ananunua bando la ruta."

"Basi iwe inajisasisha kidogo kidogo, kila siku akiwa hewani. Antivirusi isiyosasishwa inawajua wezi wa mwaka juzi tu."

Niliandika kwenye sehemu ya kutafuta. Yakanijia majina kama mvua, na la juu kabisa lilikuwa na kitufe cha kijani kikubwa kuliko uso wangu: pakua bure, ya kwanza kwa ubora. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

"Hilo la juu lina neno 'tangazo' pembeni?" fundi aliuliza, kana kwamba ananiona.

Lilikuwa nalo, kwa herufi ndogo za kujificha.

"Shuka. Umeona jina la antivirusi niliyowawekea hapo kliniki? Nenda kwenye tovuti ya wenyewe walioitengeneza, isome anwani herufi kwa herufi. Halafu nenda kwa wale wapimaji wanaozijaribu hizi programu, wasiouza yoyote. Soma wanasema nini kuhusu uzito, na kama huwa inasingizia faili zisizo na hatia. Mtu akisifu duka lake mwenyewe utamwamini?"

Nilisoma. Yule mgonjwa wa shavu aliguna, nikamwambia pole bila kumtazama. Jina alilochagua fundi lilipita kwenye kuzuia virusi, lilipita kwenye uzito. Kwenye kusingizia lilikuwa la katikati.

"Kwa hiyo itakapokamata kitu," fundi alisema, "usikubali ifute. Na hilo ndilo la kuchagulia zaidi ya yote kwa kazi ya dada yako: iwe na karantini, yaani chumba cha kuwatenga washukiwa, na iwe inakuuliza kwanza. Inayofuta kabla ya kuuliza, hata wakikupa zawadi, iache."

Niliipakua kwenye flashi mpya ya kliniki. Nitaeleza baadaye, nilimwambia daktari wa meno aliyechungulia, na nikatoka mbio bila kueleza.

Nilipofika, dada naye alikuwa ameketi kando ya nesi. Saluni ya jirani walikuwa wanacheka kitu kwa sauti. Fundi akawa sikioni mwangu, mimi nikawa mdomo wake, dada akawa mikono. Tuliizima kompyuta, tukaiwasha kwa ile njia ya dharura ambayo haiamshi programu nyingine. Dirisha jekundu halikutokea, na nesi akashusha pumzi. Tukaingiza dawa. Ikaanza kukagua, na mstari wake ukawa unatambaa kama konokono mwenye homa.

Ulipofika katikati, kengele ikalia. Kitu kimekamatwa. Kingine. Kisha likaja dirisha lenye orodha, na chini yake vitufe viwili: kikubwa, Futa vyote, na kidogo, Tenga. Ndani ya ile orodha dada aliona jina la programu yake ya kurekodia.

"Hiyo si mwizi!" alipiga kelele. "Hiyo ni mkono wangu wa kulia!"

"Ndiyo kule kusingizia," fundi alisema. "Tenga vyote. Asiye na hatia tutamtoa."

Mshale kwenye kioo ulikuwa unapita juu ya kile kitufe kikubwa, unarudi, unapita tena. Nesi alinyanyuka akaja nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono, taratibu, kama wanavyowashika wale kinamama kule wodini.

"Vuta pumzi kwanza," alisema. "Kisha bonyeza."

Dada akavuta pumzi. Tenga.

Dakika zile sitaki zinirudie. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha. Dirisha jekundu halikuwepo. Dada alifungua folda ya sauti, na folda ilikuwa tupu.

Nesi alirudi kwenye stuli akaanza kukunja ile leso aliyoletea kaseti, pembe kwa pembe. Dada alifunika uso kwa viganja. Mimi nilimwambia fundi, "Haipo. Umetusafishia nyumba, lakini mtoto hayupo."

"Tulia. Yule mhuni mara nyingi hafuti, anaficha, ili mlipe. Mwambie aende kwenye mipangilio ya folda, akubali kuonyesha vilivyofichwa."

Niliyasema yale maneno. Dada aliyafuata kwa macho yaliyojaa maji. Akabofya, na zile folda zikatokea moja baada ya moja, zimefifia kama nguo zilizofuliwa mno. Kwaya. Hotuba. Harusi ya watu. Na chini kabisa: Nesi, mama yake.

Nesi alikuwa ameshasimama na mkono umeshafika kwenye hedifoni.

"Bado," dada alisema.

"Dada!" nilisema. "Mpe mtu asikie!"

"Bado, nimesema." Kile kichwa cha jiwe kilikuwa kimerudi mahali pake. Alinakili kwenye diski ya pembeni, akaichomoa. Alinakili kwenye flashi mpya, akaifunga ndani ya ile leso, akampa nesi mkononi. Nesi alisubiri akiuma mdomo, na sitamsahau alivyosubiri. Ndipo dada akaitoa karantini programu yake ya kurekodia, akatafuta kwenye mipangilio ya askari mpya, akapata mahali pa kumwambia aiache ile moja tu ifanye kazi yake na aendelee kulinda mlango. Yaani siku zote zile kilichokuwa kinahitajika ni askari wa kuelewana naye, na mimi na yeye tuligombana bure kuhusu kumzima na kumwasha.

"Sasa," alisema, na kumvika nesi hedifoni yeye mwenyewe.

Kisha akageuza kiti chake akatazama ukuta wa magodoro, kama afanyavyo siku zote mteja anaposikiliza. Alinivuta sketi na mimi nigeuke. Nikageuka shingo upande.

Halafu tukasikia kicheko, kidogo, cha puani, kinachoishia kwa kukwama. Nilidhani ni nesi. Lakini kilikuwa chembamba mno, kilikuwa kinavuja kutoka kwenye hedifoni, na kikafuatwa na kile kile, kikubwa zaidi, humu chumbani, kikakwama pale pale.

Nesi alivua hedifoni. "Anacheka kama mimi," alisema. Alirudia, safari hii kama anauliza. "Anacheka kama mimi?" Kisha akainamisha kichwa mezani katikati ya penseli, na mabega yakaanza kutetemeka. "Imepita. Kile kicheko kimeshapita."

Dada yangu hakugeuka. Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Irudishe nyuma, mama," alisema. "Irudishe mara uzitakazo. Hii haikatiki."